Nyuma Kupo Wazi

Theluji ikishayeyuka, watu wa Minnesota hufungua magereji na kuanza kufunga vitu nyuma ya magari yao. Huyu anafunga mashua, yule tela la kuni, mwingine nyumba nzima yenye mapazia. Ukikaa barazani Ijumaa jioni mwezi wa sita utaona mtaa unahama. Jumapili usiku unarudi, umebabuka kwa jua na kuvimba kwa mbu. Mimi ni mtu wa Mwanza. Kwetu anayeonekana barabarani na kitanda, jiko na godoro ana sababu inayoeleweka: kodi imemshinda, au ndoa imemshinda. Hapa mtu anahama na kitanda ili apumzike, na Jumatatu yuko kazini anasimulia.

Nasi tukanunua karavani. Ni ndogo, ya ekseli moja, urefu wa mita tano na kidogo. Ina kitanda nyuma, meza inayogeuka kitanda ukijua pa kuvutia, jiko la gesi, friji, na choo ambacho mtu mzima akikaa magoti yake yanafungua mlango. Aliyetuuzia ni mzee mstaafu wa mtaa wa pili, mtu wa maneno machache, anayevaa suruali yenye kanda za mabegani. Wakati mimi nakagua mapazia, yeye alikuwa anakagua gari langu, na uso wake haukunipa raha.

Gari lenyewe ni Toyota Highlander, ndugu wa Kluger zile zilizojaa Dar: viti vya safu tatu, gari la kupelekea watoto shule na kurudi na mchele. Kitabu chake kinasema linavuta hadi pauni 5,000, yaani kilo 2,268. Karavani ikiwa tupu ina kilo 1,225. Mtoto wa darasa la nne angetoa akakuambia zimebaki kilo elfu moja na ushee za kuchezea. Muuza magari naye alikuwa ametoa vivyo hivyo. "Hata hutahisi kama kuna kitu nyuma," aliniambia siku naliangalia gari, akalipiga bodi kofi la upendo.

Mzee wa kanda hakutaka kusikia habari za kitabu. Alifungua mlango wa dereva, akainama, akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango. Nimelimiliki gari lile miaka na sijawahi kuiona. Imeandikwa kwamba uzito wa watu na mizigo, vyote kwa pamoja, usizidi pauni 1,280. Ni kilo 580.

Akanifafanulia. Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jingine. Tela la ekseli moja haliji nyuma tu kwa adabu. Kichwa chake kinalalia gololi ya chuma iliyofungwa nyuma ya gari, na kinatakiwa kilalie kwa asilimia kati ya 10 na 15 ya uzito wa tela lote. Kikilalia kidogo mno, tela linapiga mkia barabarani. Kikizidisha, gari linachuchumaa nyuma, taa zinamulika ndege, na tairi za mbele, ambazo ndizo zinazokata kona, zinakosa uzito wa kuzikalisha chini. Uzito huo wa kichwa unahesabiwa ni mzigo wa gari. Karavani yetu ikishatiwa maji, gesi, vyombo na matandiko inafika kilo 1,588, na kichwa chake kinalalia gari kwa kilo 190 hivi. Ongeza kilo 30 za vyuma vya kuungia. Zimebaki 360, na bado hajaingia mtu.

Mimi nina kilo 94. Watoto watatu, mmoja mmoja juu ya mzani wa bafuni, wakatoa jumla ya 114. Zikabaki kilo 152 kwa ajili ya mke wangu, jokofu la barafu, viti vya kukunja, begi la dawa, na Shangazi.

Hapa lazima nieleze mazingira niliyokulia. Kwetu gari halina kilo, lina nafasi. Hiace inajaa pale konda mwenyewe anapokosa pa kuning'inia, na hata hapo kuna mama ana ndoo ya dagaa na mtoto mgongoni, naye anaingia, kwa sababu konda ameshatamka maneno yanayofungua milango yote: "Sogeeni, nyuma kupo wazi!" Hakuna abiria anayegeuka kuhakiki kama kweli nyuma kupo wazi. Watu wanasogea tu, na kwa muujiza fulani panapatikana. Mhandisi aliyeandika ile karatasi ya mlangoni ni msomi na namheshimu, lakini hana shangazi.

Shangazi yetu alikuja mwezi wa tano kututembelea. Ameuza dagaa miaka mingi sokoni Mwaloni pale Kirumba, na alikuja na dagaa, unga wa muhogo, na mzani wake wa ndoana, ule wa kuning'iniza, akisema hawezi kuuziwa samaki na mtu asiyemjua kwa mzani asioujua. Nilikuwa nimepanga abaki nyumbani apumzike. Mwanangu wa kati ndiye aliyeharibu, alipomwambia mezani kwamba tunakwenda kwenye ziwa kubwa kuliko Victoria.

Shangazi aliweka kijiko chini. "Kubwa kuliko letu? Nani kalipima?"

Nikamweleza kwa upole kwamba Ziwa Superior lina kilomita za mraba 82,100, na Victoria zipatazo 68,800. Kwa ukubwa wa eneo, kati ya maziwa yote ya maji baridi duniani, hilo ni la kwanza na letu la pili. Kwa kina ndiyo kabisa: letu linaishia mita 80 na kitu, lao mita 406.

"Nipelekeni nikalione," akasema. Mjadala ukafungwa.

Nilimwendea mke wangu na karatasi ya hesabu. Nikamwambia, Mama Neema, nina kilo 152, nahitaji namba mbili tu, yako na ya Shangazi, nijue zinabaki ngapi za jokofu. Akanitazama. Akaniuliza kama ninataka kula nyumbani siku hiyo. Kwa hiyo kwenye mlinganyo mke wangu akawa X, Shangazi akawa Y, na mwalimu wangu wa hesabu wa sekondari aliyekuwa akisema aljebra itatufaa maishani akawa amesema kweli.

Mzee wa kanda ndiye aliyependekeza mzani. Kaskazini ya mji, kwenye kituo cha mafuta cha malori, kuna mzani wa kulipia: unapanda na gari zima, tairi za mbele zinakaa kwenye bamba moja, za nyuma bamba la pili, za tela bamba la tatu, halafu unapewa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Kwa mtu aliyewahi kupanda lori kutoka Mwanza kwenda Dar, jambo hili halieleweki. Kwetu mzani ni kitu cha kuogopa. Dereva akikaribia mzani wa Vigwaza anakaa vizuri kitini na kufunga kifungo cha shati. Mimi hapa natoa pesa yangu mwenyewe, kwa hiari, nipimwe, na foleni ya malori ya magurudumu 18 iko nyuma yangu ikisubiri kuona Highlander ina siri gani.

Nilifikiri nikiwashusha abiria na kupima tena nitapata picha kamili. Nikasimamisha gari, nikamgeukia mke wangu, hata sijafungua mdomo.

"Sishuki," akasema.

"Ni dakika mbili tu."

"Ukinishusha hapa, Baba Neema, utatoa hesabu. Sishuki."

Shangazi, aliyekuwa safu ya pili na mfuko wa unga miguuni, alisema naye hashuki, kama ni kupimwa alishapimwa ubalozini. Tukapima hivyo hivyo. Karatasi ikatoka: tumezidi kilo 90 juu ya ruhusa ya gari, na karibu zote zimekalia ekseli ya nyuma.

Kanuni ni kwamba mzigo ukizidi kwenye gari unauhamishia kwenye tela, kwa sababu tela ndilo lililokuwa na nafasi. Tukaegesha pembeni, tukaanza kuhamisha: unga, jokofu, katoni za maji, sufuria ya pilau ya watu ishirini ambayo sijui ilipandaje. Shangazi alisimamia kazi yote. Mtu aliyepakia Fuso za dagaa Kirumba huwezi kumfundisha kupakia. Alisimama mlangoni mwa karavani, kanga kiunoni, akaelekeza kila mfuko hadi kwenye kitanda cha mwisho kabisa. "Nyuma kupo wazi," akasema, na familia nzima ikaitikia wito ule bila kufikiri, kama watu walioitwa majina yao.

Gari likasimama vizuri. Pua ikashuka, taa zikatazama barabara. Nikakagua minyororo ya usalama, ile miwili inayopishana chini ya kiungio ili kichwa cha tela kikichomoka kidakwe kabla hakijagusa lami. Nikachomeka waya wa taa na breki, nikajaribu indiketa, tukaingia barabara kuu ya I-35 kuelekea Duluth.

Kwa muda mambo yalikuwa shwari. Nilikwenda maili 60 kwa saa, kwa sababu tairi nyingi za matela ya aina hii zimetengenezwa zisizidi maili 65, ambazo ni kilomita 105. Barabara inaruhusu 70. Kwa hiyo kila mtu alinipita, wakiwemo vikongwe. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yananiuma. Gari linalokwenda kilomita tisa kwa lita lilikuwa linakwenda tano, kwa sababu kinachosumbua zaidi kasi inapopanda ni upepo, kuliko hata uzito. Unasukuma ukuta mbele ya hewa, na ukuta huo unakunywa.

Kisha likaja lori refu upande wa kushoto. Lori la namna ile likikukaribia hutanguliza hewa, na hewa hiyo inakusukuma pembeni. Likishakuwa ubavuni, hewa inakuvuta kulielekea. Gari letu lilisukumwa kidogo na kuvutwa kidogo. Tela lilichukulia jambo lile kwa uzito. Likaenda kulia, likajutia, likaenda kushoto zaidi ya lilivyojutia, na kwenye kioo cha pembeni nikaona dirisha la jikoni la nyumba yangu likipita, mara liko kioo hiki, mara kile.

Kila kiungo mwilini kinakuambia kanyaga breki. Ukikanyaga, gari linapungua, tela linaendelea, na mnakutana. Dawa ni kuachia mafuta taratibu, kushika usukani umenyooka, na kutumia kiswichi kidogo chini ya dashibodi kinachofunga breki za tela peke yake, ili tela livutwe kwa nyuma na kunyooka. Mkono wangu ulikitafuta kiswichi kile huku upande wa abiria Zaburi ikisomwa kwa mwendo ambao sijawahi kuusikia kanisani. Nikakibana. Tela likatikisika mara ya mwisho, likanyooka, likawa mnyenyekevu.

Tulisimama kwenye eneo la kupumzikia madereva. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Kisha Shangazi akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii huwa inafanya hivi?"

Nikachora kwenye vumbi la boneti. Ekseli ni hii hapa. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, unanyanyua kichwa cha mbele, na kichwa kikiwa chepesi ndipo mkia unapopata uhuru. Inatakiwa asilimia 60 ya mzigo ikae mbele ya ekseli. Shangazi aliutazama mchoro, akautazama tena, akaondoka bila kusema kitu. Tukahamisha unga.

Mke wangu alitoa hoja ya kurudi nyumbani. Nikamkumbusha kwamba Wally Byam, muasisi wa matela ya Airstream, aliongoza msafara wa matela 41 kutoka Cape Town hadi Cairo, mwaka 1959 kuingia 1960, Afrika nzima kwa urefu wake, wakati ambapo lami ilikuwa hadithi.

"Walivutia nini?" akauliza.

"Pikapu."

"Pikapu. Na walikuwa na Shangazi?"

Nikawasha gari.

Hinckley iko takriban nusu ya njia, na watu wengi husimama pale. Nilijaza mafuta, wenzangu wakaenda chooni, nikaondoka. Yaani niliweka gia nikakanyaga, na gari halikuondoka. Injini ilinguruma, gari likainama, tela likasimama palepale. Nikajaribu tena, na tairi za tela zikaburuzwa kwenye sakafu kwa mlio uliowageuza watu wa pampu zote nane. Katika nchi hii mtu akiwa na tela lililokwama, wanaume hujitokeza. Hawaitwi. Walitoka kwenye pikapu zao mmoja mmoja, mikono mifukoni, wakaizunguka karavani wakiguna. Mmoja akasema ni beringi. Mwingine akasema ni hand—akakatishwa na wa tatu aliyesema kwamba alikwisha kuliona jambo hili kwa shemeji yake na hakutaka kutuambia liliishaje.

Ndipo mmoja wao akainama na kuokota kijiti cha plastiki kilichoning'inia kwenye waya mwembamba. Matela yenye breki za umeme yana waya huo: ncha moja imefungwa kwenye gari, nyingine imeshika pini kwenye tela. Tela likichomoka barabarani, waya unavuta pini, na betri ya tela inafunga breki papo hapo. Kifaa bora kabisa. Kinafanya kazi vilevile kama kimevutwa na mtoto wa miaka sita anayetaka kujua ni cha nini. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama kando akila bisi, na alipoona pini inarudishwa mahali pake akasema, "Aa, kumbe inaingia tena."

Kabla ya kuingia Duluth barabara inapanda Thompson Hill, halafu inakuachia. Mji, bandari na ziwa vinafunguka chini yako kwa mpigo mmoja, na ni mandhari nzuri sana kwa wasioendesha. Mimi niliona gia. Niliteremka kwa gia ndogo, injini ikizuia, nikigusa breki na kuachia, kugusa na kuachia, maana breki iliyokanyagwa mfululizo mteremko mzima inapata moto na kuacha kazi pale unapoihitaji. Nyuma yangu sauti za "aah" na "ooh". Shangazi kimya.

Tulisimama ufukweni. Alivua ndala, akaingiza mguu majini, akautoa haraka kuliko alivyouingiza. Alitazama upande huu, akatazama upande ule. Meli ndefu ya madini ya chuma ilikuwa inaingia bandarini. Hakuna mtumbwi hata mmoja, hakuna mama anayeosha, hakuna mtoto anayeogelea uchi, hakuna anayeuza chochote.

"Ukubwa linao," akasema hatimaye. "Lakini limepoa."

Kambi yetu ilikuwa mbele ya Two Harbors, kwenye barabara ya 61 inayofuata ufuko na kupenya mahandaki mawili yaliyochongwa kwenye majabali. Majabali yale Shangazi aliyakubali. Mtu wa Mwanza hawezi kudharau jiwe. Tukafika jioni, saa ambayo kila mwenye karavani ameshaegesha, ameshakunja miguu kwenye kiti chake, ana kinywaji mkononi, na anasubiri burudani. Burudani ni yule anayeingia sasa kurudi rivasi.

Kurudisha tela rivasi ni kazi ya kinyume. Ukikata usukani kulia, tela linakwenda kushoto. Wajuzi wanasema shika usukani kwa chini, kwenye saa sita ya saa ya ukutani ya Kizungu, na upeleke mkono upande unaotaka tela liende. Hiyo ni kweli. Kinachobaki ni kwamba tela fupi ni gumu kuliko refu: refu linageuka polepole linakupa nafasi ya kufikiri, fupi linajikunja kabla hujamaliza sentensi. Nafasi yetu ilikuwa kati ya msonobari na msonobari, na nguzo yenye namba katikati ya mahali ambapo tairi zilipenda kupita.

Mke wangu alishuka kuwa utingo.

"Njoo, njoo, njoo... siyo huko!"

"Huko wapi?"

"Huko unakokwenda!"

"Niende wapi?"

"Huku!"

Alikuwa amesimama nyuma kabisa, ambako hakuna kioo kinachofika. Nilikuwa naisikia "huku" bila kuiona. Wazee wa viti vya kukunja walianza kuvisogeza karibu. Mmoja alikuja dirishani akaniambia nisiwe na haraka, jua lingali lipo. Mwingine aliniambia kinyume cha alichoniambia wa kwanza. Tela lilikuwa limejikunja hadi kona yake ikawa inanong'ona na taa ya gari.

Mlango wa safu ya pili ukafunguka. "Mama Neema, mwanangu, njoo ukae huku na watoto," Shangazi akasema, akajifunga kanga upya. Alikwenda akasimama upande wangu, palepale ninapomwona kwenye kioo, akapiga bodi la tela makofi mawili.

"Nyoosha mbele! Mbele! Basi. Sasa lete. Lete, lete, lete. Kata kulia. Kata! Usimalize! Nyoosha. Lete hivyo hivyo. Unalo. Unalo. Punguza. Weka!"

Kofi moja. Nikasimama. Karavani ilikuwa katikati ya misonobari miwili, sambamba, na nguzo yenye namba ikiwa salama. Shangazi alisukuma kigingi chini ya tairi kwa mguu, bila kuinama. Mwaloni amerudisha Fuso ngapi kwenye vibanda, usiku, kukiwa na matope na watu wanaopita chini ya magurudumu na beseni kichwani? Wale wazee walipiga makofi. Kesho yake asubuhi mmoja wao alimjia kwa ishara za mikono kumwomba amrudishie karavani yake, kubwa mara mbili ya yetu, na hadi Jumapili watoto wa kambi nzima walikuwa wakiendesha baiskeli wakipiga kelele, "Lete! Lete! Lete!"

Umaarufu una gharama zake. Asubuhi ya pili Shangazi aliona jua zuri, akatandika kanga juu ya meza ya mbao, akaanika dagaa. Kaskazini ya Minnesota kuna dubu weusi, na kambi zina kanuni kali kuhusu chakula: kisiachwe nje, kifungiwe ndani. Kuchakuro ndio waliofika kwanza, kisha mbwa wa majirani, kisha kijana mwenye sare ya hifadhi, amefuata harufu kutoka ofisini kwake. Alikuwa mpole. Alieleza habari za dubu. Mke wangu akatafsiri.

"Mwambie Kirumba hakuna dubu," Shangazi akasema. "Na mwambie akaribie."

Alimkaangia dagaa kwa nyanya na pilipili, akampa na ugali. Kijana alikula amesimama, kofia kwapani, machozi yakimtoka. Alipomaliza akashukuru, akaomba wa kufungiwa, na akasema bado ni lazima wale dagaa waliobaki waingie ndani ya gari. Waliingia ndani ya gari. Wapo hadi leo, kwa maana ya harufu. Jua la mchana likilipiga Highlander lile, ninapofungua mlango niko ufukweni Mwanza bila nauli.

Kuhusu kituo cha kumwagia maji machafu siku ya kuondoka nitasema machache, kwa kuwa kuna watu wanasoma huku wanakula. Kuna matangi mawili, la choo na la maji ya kuoshea vyombo. Unaanza na la choo, unamalizia na la vyombo ili lisafishe bomba. Unavaa glavu. Unahakikisha bomba limekaza pande zote mbili. Unamweka mwanao wa miaka sita mbali na valvu.

Tangu safari hiyo mambo yamebadilika, na vilivyoyabadilisha ni hewa ya lori na mchoro wa vumbi kwenye boneti. Ijumaa ya kuondoka tena nilitoka nje nikamkuta Shangazi ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa gereji. Amening'iniza mzani wake wa ndoana kwenye tawi la mti, ana daftari la hesabu la mtoto, na hapiti mtu. Begi la Neema liligoma kwenye kilo nane na nusu. "Jozi nne za viatu. Unakwenda kuolewa? Toa tatu." Begi la mama yake lilipita, kwa sababu mke wangu alishaona mambo na alipakia usiku. Mimi nilikuja na jiko langu la kuchomea nyama, la chuma, zawadi niliyojipa mwenyewe.

"Kilo kumi na moja," akasema, akaandika. "Rudisha ndani."

"Shangazi, nyama tutachomea nini?"

"Kule kuna kuni na kuna mawe."

Nikainama karibu, nikashusha sauti. "Shangazi, mimi na wewe si wa kufika huku. Tuyamalize hapahapa kifamilia."

"Mzani hauna ndugu," akanijibu, akaita anayefuata.

Nikalibeba jiko langu. Nilipofika mlangoni niligeuka, nikaona mfuko wa unga wa muhogo, mzima, haujafunguliwa, unapita mbele ya mzani bila kuning'inizwa. Nikauliza, kwa heshima zote, mbona ule haupimwi.

"Huo," Shangazi akasema, bila kuinua macho kwenye daftari, "unakaa mbele ya ekseli."